Kasi ya kuchapa ianze na usahihi, na mazoezi yawe ya Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua nichangie makala yenu ya juma lililopita, ile iliyowahimiza vijana wajifunze kuchapa kwa vidole kumi kupitia intaneti. Niliisoma kwa furaha. Ni mara chache gazeti huutengea ujuzi huu ukurasa mzima, na faida zote alizozitaja mwandishi nazikubali. Ila makala ilipima maendeleo ya mwanafunzi kwa kitu kimoja tu, maneno kwa dakika, na masomo yote iliyoyapendekeza humchapisha mwanafunzi Kiingereza kitupu. Hayo mawili ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Naletewa sauti za watu wakizungumza Kiswahili, navaa hedifoni, nasikiliza na kuandika neno kwa neno, pamoja na vigugumizi na vicheko vyao pale mteja anapovitaka. Kuchapa bila kutazama kibodi nilijifunza ukubwani, mtandaoni, bila mwalimu wa kunisimamia, baada ya miaka mingi ya kutumia vidole viwili vya shahada. Sasa nawafundisha wengine, wengi wao wapwa zangu na marafiki zao. Kwa hiyo nazungumza kama mtu anayeshinda kwenye kibodi asubuhi hadi jioni, na ninayeumia nikiona wanaoanza wanavunjika moyo kwa sababu ya kupimwa vibaya.

Tuanze na hiyo namba. Katika majaribio ya kasi, "neno" ni mibonyezo mitano, nafasi kati ya maneno ikihesabiwa pia. Ukichapa "na" halafu nafasi, umebonyeza mara tatu. Hujafikisha hata neno moja. Ukichapa "hawatatuandikia", herufi zake 15 zinahesabiwa kuwa maneno matatu. Anayeambiwa ana kasi ya maneno 40 kwa dakika aelewe kwamba amebonyeza vitufe mara 200, basi. Na kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa mkupuo, mibonyezo hiyo 200 itaacha maneno machache zaidi kwenye ukurasa kuliko ingekuwa Kiingereza. Nimekutana na vijana waliodhani wamerudi nyuma kwa sababu walihesabu maneno yao ya Kiswahili kwa macho wakaona hayafiki idadi waliyoonyeshwa na jaribio. Hawakurudi nyuma hata kidogo. Walikuwa wanalinganisha vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja.

Kuna pia suala la nini kinachochapwa wakati wa kupimwa. Majaribio mengi maarufu, Monkeytype kwa mfano, usipobadilisha mipangilio yake hukupa maneno mafupi ya Kiingereza yanayotumika mno, yote kwa herufi ndogo, bila nukta wala mkato. Hakuna jina la mtu, hakuna tarehe, hakuna alama za kunukuu. Mpwa wangu mmoja alikuwa na kasi ya kupendeza huko. Nilipompa aya ya habari kutoka gazeti hili, yenye majina mawili, tarehe na kauli ya mtu iliyonukuliwa, nikamwona mkono wake wa kulia unaondoka mzima mzima kwenda kutafuta alama za kunukuu, kisha unarudi kitufe kimoja pembeni ya pale ulipotoka. Mstari wote uliofuata ukatoka kwa herufi za jirani. Vidole vyake ni vyepesi kweli, tena kuliko vyangu. Ila hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kuvizoeza kwenye maandishi ya kazi.

Mimi huwaambia watazame kwanza asilimia ya usahihi, ambayo programu nyingi huiweka pembeni ya kasi kana kwamba ni nyongeza. Asilimia 95 inasikika kama ufaulu mkubwa. Kwenye kibodi maana yake ni kosa moja katika kila mibonyezo 20, yaani kosa moja kila baada ya maneno manne ya kipimo. Mstari wa herufi 70 utatoka na makosa matatu au manne. Asilimia 98 ni kosa moja katika mibonyezo 50. Asilimia 99, moja katika 100. Tofauti ya 95 na 98 machoni ni ndogo, lakini kwa anayechapa kurasa kutwa nzima ndiyo tofauti ya kumaliza kazi jioni na kukesha nayo.

Na kosa halilipwi mara moja. Umebonyeza kisichotakiwa, unabonyeza kitufe cha kufuta, unabonyeza kinachotakiwa: mibonyezo mitatu kwa herufi moja. Hapo sijahesabu muda wa jicho kugundua na mkono kusita. Mara nyingi kosa hugunduliwa likiwa limeshapitwa na herufi tatu nne, ambazo nazo inabidi zifutwe ingawa zilikuwa sahihi. Ile kasi anayojivunia mwanafunzi inaliwa hapo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini na wa Cambridge cha Uingereza walikusanya mibonyezo milioni 136 kutoka kwa watu 168,000 waliofanya jaribio la kuchapa mtandaoni, wakatoa matokeo mwaka 2018. Wastani wa kasi ulikuwa maneno 52 kwa dakika, na wenye kasi kubwa walikuwa wakikosea kidogo kuliko wa polepole. Kwa hiyo ushauri wa makala yenu kwamba mwanafunzi akimbie kwanza, usahihi utakuja baadaye, unamwelekeza kinyume na walivyo wenye kasi wenyewe.

Ningependa mwandishi wenu angeeleza zaidi namna ya kuanza, maana hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Mkono wa kushoto unalala juu ya A, S, D na F. Wa kulia juu ya J, K, L na nukta mkato. Gumba ni la nafasi. Kwenye F na J kuna kinundu kidogo unachokigusa kwa ncha ya kidole cha shahada, nacho ndicho kinachokuambia mikono iko mahali pake bila ya kutazama. Masomo ya tovuti ya TypingClub huanza na herufi hizo mbili peke yake. Tovuti nyingine, Keybr, inakupa herufi chache na haikufungulii nyingine mpaka zile za mwanzo uwe umezimudu. Zote mbili ni njia nzuri, mradi usiibe jicho. Herufi ikikupotea, tazama picha ya kibodi iliyo kwenye skrini, usitazame vidole. Na kama macho yanakushinda, funika mikono kwa kitambaa chepesi. Programu nyingi pia zina mpangilio wa kukataa kusonga mbele mpaka herufi sahihi ibonyezwe. Uwashe. Unakera siku za mwanzo, lakini unakuzoeza kwamba kubahatisha hakulipi.

Siku hizo za mwanzo kasi itashuka, na itashuka sana kwa mtu aliyezoea vidole viwili. Hili lisemwe waziwazi, maana asiyeambiwa hudhani hana kipaji. Kidole kinachojua kwenda penyewe kimekatazwa, na kinachotakiwa kwenda hakijui njia. Mimi nilichagua kipindi ambacho kazi ilikuwa imepungua ndipo nikahama, na hivyo ndivyo ninavyowashauri wenye ajira: msihame katikati ya msimu wa kazi nyingi, mtarudi kwenye vidole viwili siku ya kwanza mtakayobanwa.

Wapo watakaosema kwamba kanuni ya vidole kumi imepitwa na wakati. Wana hoja. Utafiti mwingine wa Aalto, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watu waliojifunzia wenyewe, wanaotumia vidole vichache kuliko kumi, wanaweza kuwa na kasi sawa na waliosomea. Hata ule wa 2018 haukuona tofauti kubwa kati ya waliowahi kupita darasani na wasiopita. Naliheshimu hilo, na simwambii mtu mwenye mtindo wake unaomfaa auvunje. Lakini ukiusoma utafiti wa 2016 kwa makini, wale wepesi wa vidole vichache walikuwa na nidhamu: kila herufi ilibonyezwa na kidole kilekile kila mara, na mikono haikuhangaika huku na huko. Kisha waliitazama kibodi zaidi. Kwa anayetunga barua kutoka kichwani, kutazama kibodi si kitu. Kwa anayenakili kutoka kwenye karatasi, au kama mimi ninayefuatilia saa ya sauti kwenye skrini huku msemaji anaendelea, kila jicho linaloshuka kwenye vidole ni neno linalopotea.

Jambo hili lilishadhihirika zamani, kabla ya kompyuta. Tarehe 25 Julai 1888, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato wa mahakamani kutoka Salt Lake City, alishindana hadharani na Louis Traub. McGurrin alikuwa amekariri mahali pa kila kitufe cha mashine yake ya Remington, akachapa kwa vidole vyote bila kuitazama. Traub alitumia mashine ya Caligraph, ambayo herufi kubwa zilikuwa na vitufe vyake na ndogo vyake, na ilimlazimu kuitazama. McGurrin alishinda, na alipata nafasi kubwa hasa katika kunakili, kwa sababu macho yake hayakutoka kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa ndipo lilipo dukuduku langu. Mpangilio huu wa vitufe unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes na wenzake, iliyotengenezwa na kuuzwa na kampuni ya Remington katika miaka ya 1870. Haukupangwa kwa kukifikiria Kiswahili, na sidai ubadilishwe. Ninachosema ni kwamba kila lugha huvitembeza vidole kwa njia zake juu ya kibodi ileile, na mwanafunzi anayejifunza kwa Kiingereza anazizoea njia za Kiingereza.

Chukua herufi moja moja kwanza. Katika Kiingereza inayojirudia zaidi ni E, nayo iko kwenye himaya ya kidole cha kati cha kushoto, kidole imara. Katika Kiswahili inayojirudia zaidi ni A, nayo iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Kidole hicho hakipewi mazoezi ya kutosha katika masomo ya kawaida, halafu ndicho tunachokitwisha mzigo mkubwa kuliko vyote siku ya kazi. Katika maandishi ya wanafunzi wangu kosa ninaloliona mno ni A iliyoruka: "ktika", "kwmba", "hbari". Wenyewe huona wameandika sawa, kwa sababu kidole kilishuka kweli, ila hakikufika chini. Wakati huohuo masomo hayo yanawatolea jasho kwenye Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakina, na kwenye C iliyo peke yake, ambayo kwetu haionekani pasipo H. Sisemi wasizijue, majina ya watu na ya vitu yanazihitaji. Nasema zisichukue nafasi ya A.

Kisha tazama silabi. Chapa "kitu", "kila", "kisha", "kitabu", au neno Kiswahili lenyewe. K na I zote ni za kidole cha kati cha kulia. Kidole kimoja kinabonyeza mstari wa katikati kisha kinaruka mstari wa juu, mwanzoni mwa neno, mara chungu nzima kwa siku. L na O nazo zote ni za kidole cha pete cha kulia. Kwa hiyo neno "kilomita" linaanza kwa kidole cha kati kuruka, halafu cha pete kuruka, kabla mkono wa kushoto haujagusa chochote. Chapa "wazazi": W ni kidole cha pete cha kushoto, halafu A, Z, A, Z zote nne ni za kidole kidogo, kinashuka na kupanda na kushuka tena bila msaada, ndipo I inakuja kukipumzisha. Sijaona somo la Kiingereza linalokizoeza kidole kidogo kufanya kazi hiyo, kwa kuwa Z kwao ni adimu. Kwetu imo katika "kazi", katika "wazo", katika "-za" ya kila kitu kilicho katika wingi wa nyumba na nguo na barua.

Kidole cha shahada cha kulia ndicho kinachofanya kazi ya punda. Kinatunza Y, U, H, J, N na M. Katika "nyumba", herufi nne za mwanzo mfululizo ni zake, na kutoka N ya chini kwenda Y ya juu ni miongoni mwa miruko mirefu zaidi anayoifanya mtu wa Kiswahili. "Mnyonge" inaanza na tatu zake. "Hujumu" ni yake yote, herufi sita, kidole kimoja, wakati tisa vingine vimekaa. Mwanafunzi akifika kwenye maneno haya kwa mara ya kwanza akiwa kazini, kasi yake inadondoka, na anajilaumu. Akiwa ameyachapa polepole mazoezini, kidole kinajua kwamba mkono mzima usogee kidogo kwenda juu kwenye Y badala ya kujinyoosha chenyewe mpaka kinauma.

Lakini kuna upande ambao kibodi hii inatupendelea, na nisipousema nitakuwa sijatenda haki. Kiswahili hupenda konsonanti kisha irabu, konsonanti kisha irabu, na silabi zetu nyingi zinagawanyika mikono miwili: "ka", "na", "ma", "la", "ya", "ja", "pa" zinatoka kulia kwenda kushoto, "ti", "si", "zi", "tu", "ru", "di" zinatoka kushoto kwenda kulia. Utafiti ule wa 2018 ulibaini kwamba wenye kasi hubonyeza kitufe cha pili kabla hawajakiachia cha kwanza. Hilo ni rahisi zaidi mikono inapopokezana, kwa hiyo mtu aliyezoezwa vizuri kwa Kiswahili ana mahali pengi pa kupatia kasi: "kama", "yake", "jana", "hapana". Sikiliza mtu aliyebobea akichapa "kama mama yake". Vitufe vinalia kwa kupokezana, kulia kushoto, kulia kushoto, na ukikosea unasikia kosa kabla hujaliona.

Yote haya yanawezekana mtandaoni leo hii bila kungoja mtu atutengenezee kozi. Monkeytype na programu nyingine kadhaa zinakubali uweke maandishi yako mwenyewe. Mimi huchukua aya kutoka habari zenu. Mwanzoni nachagua zisizo na tarakimu wala majina mengi. Kisha habari za kawaida, zenye vyeo na tarehe. Mwisho zile zenye watu wanaonukuliwa, kwa sababu alama za kunukuu ndizo zinazowatoa wengi relini. Hapo pana jambo la kuangalia: kwenye kibodi ya mpangilio wa Marekani alama hizo ziko kitufe kimoja na ritifaa ('), pembeni ya nukta mkato, na kwenye ya Uingereza ziko juu ya namba 2. Ukijifunza kwa somo la mpangilio mmoja ilhali kibodi iliyo mbele yako ni ya mwingine, utakuwa unakariri uongo. Ritifaa yenyewe tunaihitaji kila siku kwa "ng'", katika "ng'ara" na "ng'oa", na ni kidole kidogo cha kulia kinachoifuata. Wengi huandika "ngara" na kuacha. Neno linakuwa si lile.

Jingine ambalo halikutajwa kabisa ni programu za kuandikia zilizowekwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anachapa Kiswahili sahihi, na kila neno linapigiwa mstari mwekundu. Mengine yanageuzwa mbele ya macho yake. Baada ya muda anaacha kuutazama mstari mwekundu, hata pale unapomwonyesha kosa la kweli. Nawasihi wanaojifunza wazime kabisa masahihisho ya moja kwa moja wakati wa mazoezi, na anayeweza aweke lugha ya maandishi kuwa Kiswahili. Usahihi usiotoka kwenye vidole vyako huwezi kuujua umefika wapi.

Kuhusu muda wa mazoezi, makala ilisifu kukesha mwishoni mwa juma. Hapa kuna ushahidi wa zamani unaostahili kujulikana. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kuchapa. Kundi moja lilifanya saa moja kwa siku. Makundi mengine yalifanya saa mbili kwa mpigo mmoja, au saa moja mara mbili kwa siku, au saa mbili mara mbili. Kwa kila saa iliyotumika, wa saa moja kwa siku ndio waliojifunza vizuri zaidi, na wa saa nne ndio walioambulia kidogo. Kilichonigusa ni kwamba hao wa saa moja ndio pia walioridhika kidogo na ratiba yao, kwani waliona wenzao wanamaliza kwa siku chache zaidi. Naifikiria hali hiyo kila ninapomwona kijana anayelalamika kwamba dakika zake chache za kila siku hazimfikishi popote. Zinamfikisha. Na mwili nao unashukuru: viganja visilalie ukingo wa meza wakati wa kuchapa, viwiko vikae karibu na mbavu, na kidole kikianza kuuma, mazoezi ya siku hiyo yameisha, hata kama somo limebaki nusu.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni moja. Zamani vitabu vya kufundishia taipu vilikuwa na aya za mazoezi zenye jumla ya maneno mwishoni mwa kila mstari, ili mwanafunzi akisimama popote ajue amefika wapi. Gazeti lenu lina kila kinachohitajika kufanya hivyo kwa Kiswahili: habari nzuri, zilizohaririwa, zenye msamiati wa kweli. Tengeni kona ndogo kila juma, aya moja ya mibonyezo kama 500, ambayo ni maneno 100 ya kipimo, iliyochukuliwa kutoka habari mliyokwisha kuichapisha, na jumla ya mibonyezo iwekwe mwishoni mwa kila mstari. Anayesoma karatasi ataiweka pembeni ya kibodi na kunakili kama McGurrin. Anayesoma mtandaoni ataibandika kwenye programu yake. Na chini yake msimuulize amefikisha maneno mangapi kabla ya kumuuliza amekosea mara ngapi.

Niko tayari kuwachagulia aya hizo na kuzihesabu, bila malipo, kwa muda wote mtakaonihitaji. Ya kwanza nimeshaiona: ni habari ya ukurasa wenu wa tatu wa Jumapili, yenye "nyumba" mara kadhaa, "wazazi" katika sentensi ya pili, na nukuu mbili fupi zinazofuatana.

Msomaji wenu,
Mnukuu wa mahojiano